Dari ya Makumbi

Nyumba ya shemeji yangu ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati upande wetu wa Olumbi, na watu walikuwa wakipita makusudi kuitazama. Kuta za bloku, sakafu ya sementi, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Pale pale ilipojengwa palikuwa na nyumba ya zamani ya udongo na makuti, na mama mkwe wa dada yangu ndiye aliyesimamia kuivunja. Alisimama na fimbo akiwaonyesha vijana waanzie wapi, na ukuta wa mwisho ulipoanguka akapiga kigelegele peke yake.

Miaka ile habari za gesi zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Aliyekuwa na shoka alitaka kuwa dereva, na aliyekuwa na leseni ya udereva alitaka kuwa bosi. Mimi, niliyeiacha shule darasa la tano, nilitaka tu kuona. Nilitoka Mtwara nilikokuwa nikitengeneza redio na simu bila kufundishwa na mtu, nikavuka Ruvuma, nikafika Palma, nikazunguka kwenye mageti wiki tatu. Kila geti waliniambia lete karatasi. Karatasi sina. Nikashuka Olumbi kwa dada yangu nikamwambia nitakaa siku mbili.

"Siku mbili zako nazijua," dada alisema. "Zina miezi ndani."

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa amepata kazi jikoni kwenye kambi moja kule Palma na alirudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani walikaa yeye na mama mkwe, na sasa mimi.

Siku ya kwanza nililala mchana ndani ya ile nyumba nzuri, nikaamka nikidhani naumwa. Kuanzia saa nne asubuhi bati lilikuwa linalia, ta, ta, ta, likitanuka kwa jua. Kufika saa nane chumba kilikuwa tanuri la mikate. Madirisha yalikuwa madogo, maana madogo ndiyo salama, na yote yalikuwa upande mmoja. Bloku zilikunywa joto mchana kutwa na usiku zikalitema. Feni ilikuwepo, shemeji aliileta kwa fahari, na umeme ulikuwa umefika kwa nyumba za kando ya barabara. Lakini feni ilichukua hewa ya moto huku ikaitupa kule. Siku moja dada aliingia kutafuta sindano saa nane hiyo, akakawia. Tulimkuta amekaa chini, kichwa kimeegemea kitanda, macho yamekwenda juu. Tukamtoa barazani tukamwagia maji. Mkunga wa kituo cha afya alimwambia maneno machache tu: usikae kwenye joto, na mtoto akizaliwa msimkalishe kwenye joto.

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mlango hurudishwa, dirisha huwekewa kanga, mtoto asipigwe na upepo wala jicho la mtu. Dada angejifungua kabla ya mvua, wakati ambao hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Siku arobaini ndani ya chumba kile, yeye na kichanga.

Nilimwendea mama mkwe. "Mama, haiwezekani arobaini ikakaliwa barazani, tukazungushia mikeka?"

"Umesikia wapi mzazi akaanikwa nje kama samaki?" aliniuliza. "Mwanangu amejenga nyumba, mjukuu wangu azaliwe azungushiwe mikeka? Wewe uliyezoea kulala kwenye mizigo ya malori, usitufundishe kulala."

Dada alicheka, lakini jioni aliponipa chai aliniambia kwa sauti ya chini, "Kile chumba nakiogopa kuliko uchungu wenyewe."

Wiki ile ile akaja injinia. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kusini ya nchi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na sanduku la vipimajoto. Kiswahili alijua salamu na majina ya samaki. Mimi Kireno nilikiokota barabarani, kwa hiyo wenyeji wakanisukuma mbele nimfasirie. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akitundika kipimajoto kimoja kila mahali, nami nikimfuata na maswali. Kwa nini ukutani na siyo juu? Kwa nini mbali na dirisha? Bati jipya na bati lenye kutu, lipi lina moto zaidi? Kwa nini nyumba ya udongo, ambayo kila mtu anaikimbia, ndiyo watu wanaingia kulala mchana?

"Wewe ulikuwa mwalimu?" aliniuliza.

"Niliacha shule darasa la tano."

"Basi maswali yako yote bado unayo. Hukuyamalizia shuleni." Akaniajiri siku hiyo hiyo.

Alinieleza kazi yake tukiwa tumekaa kwenye bodi ya gari lake. Umeme, alisema, utafika kila nyumba, leo au kesho. Watu watanunua feni, halafu mashine za kutoa baridi, na nyumba kama hizi zitaumeza umeme wote na bado zitakuwa za moto. Yeye alitaka kujua ni kitu gani cha hapahapa, cha mikono yetu, kinachoweza kuipunguzia nyumba joto kwanza, ili umeme ukifika utumike kidogo. Angeitengeneza nyumba moja kwa majaribio, aitie na dari. Nyumba hiyo ingekuwa ile itakayoonekana ina joto kuliko zote baada ya wiki mbili za kupima, kila siku saa nane.

Moyo wangu ukatulia pale pale. Nyumba yenye joto kuliko zote! Nilitaka kumwambia asisumbuke kupima.

Vipimajoto vinavyojiandikia vyenyewe vilikuwa vimekwama Pemba na mzigo mwingine, kwa hiyo ilibidi mtu aingie asome. Tuligawana. Mimi nikapewa nyumba za upande wa mashambani, yeye akachukua za barabarani, pamoja na ya kwetu. Nilimwomba ya kwetu nisome mimi. Akakataa. "Wewe ni mtu wa nyumba. Utatia mkono."

Wiki mbili nilitembea juani saa nane nikiandika tarakimu. Kila nyumba niliyoingia nilikaribishwa vizuri, nikapewa kigoda na maji ya kunywa, na mimi nilifurahi na kuona watu wa huku hawajabadilika. Hilo nalisema sasa kwa aibu, maana nilijiona mtu wa kuona mambo.

Siku ya kumi na nne injinia alitandaza karatasi juu ya boneti la gari. Mistari ilipanda na kushuka. Nilitafuta ya kwetu juu, sikuiona. Nikashuka, nikashuka, nikaikuta chini kabisa, jirani na nyumba ya udongo ya mzee mmoja mvuvi.

"Kipimajoto kimeharibika," nilisema.

"Nilikibadilisha mara mbili. Nyumba yenu ni nzuri. Kila nikiingia nasikia ubaridi." Akagonga karatasi kwa kalamu kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa kando ya barabara, mtu mwenye vyumba vitano. "Hii ndiyo tutakayoitengeneza. Tunaanza keshokutwa."

Nilirudi nyumbani. Niliangalia juu kwenye bati, nikagusa ukuta, nikajiuliza kama ni mimi niliyekuwa nikiota joto. Injinia alikuwa amesema kesho yake atapita mara ya mwisho kuvichukua vipimajoto. Siku hiyo mimi sikwenda mashambani. Nilifika nyumbani saa saba na nusu, nikaingia bila hodi.

Mama mkwe alikuwa ameinama na kata ya maji, ananyunyiza sakafu kutoka kona hadi kona kama mtu anayepanda mbegu. Madirishani zilining'inia kanga zilizoloweshwa, zinadondosha maji. Mbele ya feni iliwekwa nyingine juu ya kiti. Ubani ulikuwa unafuka. Dada, na tumbo lake, alikuwa anakamua kanga ya tatu kwenye ndoo.

"Mnafanya nini?"

"Mgeni anakuja," mama mkwe alisema bila kuinua kichwa. "Futa miguu."

"Mnafanya hivi kila siku?"

"Ulitaka aingie kwa mwanangu atoke jasho? Mtu katoka mbali, msomi, anaingia nyumba za watu. Akirudi kwao aseme nini? Aseme Olumbi aliwekwa kwenye chungu?"

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilimweleza yote: nyumba yenye joto kuliko zote, dari, mstari wetu ulivyolala chini kabisa kwenye karatasi. Nilivyokuwa nikisema, dada aliiacha kanga ikaanguka kwenye ndoo.

"Sasa anatengeneza kwa yule mwenye vyumba vitano?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mama, nilikwambia maji haya ya nini."

"Hukuniambia. Ulinilalamikia mgongo." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Alitazama sakafu yake yenye maji, akanigeukia kwa ukali. "Na wewe, mfanyakazi wa injinia, wiki mbili ulikuwa wapi? Hukuwaambia watu kwamba anapima joto?"

"Niliwaambia anapima nyumba."

"Anapima nyumba! Mtu akija kukupima nyumba humpambii?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimefasiri maneno na nikaacha maana. Nikafikiria zile nyumba za mashambani, vile vigoda, yale maji, sakafu zilizokuwa na unyevu ambazo nilizikanyaga siku kumi na nne bila kuuliza, mimi niliyejisifu kwa kuuliza. Kila nyumba yenye mama ndani yake ilikuwa imenyunyizwa.

Injinia alipofika nilimzuia mlangoni. "Injinia, umekaribishwa mno," nikamweleza. Alisikiliza huku akitazama kanga zikidondosha. Alivua miwani, akajifunika uso kwa viganja viwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ila kicheko hakikuwa na furaha sana.

"Nyumba zote?"

"Nadhani zote."

"Nina siku kumi tu kabla sijarudi," alisema. "Na nikiingia tena watafanya hivyo hivyo. Siwezi kuwakataza kunipokea."

Nilimfasiria mama mkwe. Alikwenda akatoa kanga zote madirishani, akazima feni, akaupeleka ubani nje. Akachukua tasbihi yake, akaingia chumba cha dada, akakaa kitandani katikati ya siku, mlango umerudishwa, kama mzazi. Sisi tulikaa barazani. Sakafu ilikauka upesi. Tulimsikia akivuta uradi, halafu tukasikia uradi unapungua kasi, halafu kimya. Dada akasimama kwenda kumtazama, na mlango ukafunguka.

Mama mkwe alikuwa amelowa. Mtandio umegandana na shingo. Alijishika ukutani, na ukuta nao ulikuwa wa moto, akauachia. Alikaa chini barazani akaomba maji, akanywa kikombe kizima.

"Arobaini humo?" alisema. Hakuwa akimuuliza mtu. Halafu akaniambia, "Fundi wa bati alipokuja, mimi nilimnyunyizia maji?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

"Sikumnyunyizia. Fundi hapambiwi. Fundi anaonyeshwa panapovuja. Nenda kawaambie watu kwamba huyu si mgeni, ni fundi."

Sijawahi kufanya kazi rahisi kama ile. Nilizunguka Olumbi jioni nzima na kesho yake asubuhi nikisema neno moja: anayekuja saa nane ni fundi wa joto, muonyesheni linapoingilia. Watu walielewa kabla sijamaliza. Mwanamke mmoja alinisuta: "Kumbe! Na mimi nimejichosha kuchota maji wiki mbili kwa ajili ya fundi?"

Siku iliyofuata injinia alipofika kwetu, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Hakukuwa na kigoda. Hakukuwa na maji. Niliona jinsi jambo hilo lilivyomgharimu, alikuwa akiuma mdomo. "Fundi," alimwambia, "joto linavuja hapa. Pita ulione." Injinia aliingia. Alipotoka miwani yake ilikuwa na ukungu wa jasho, na mama mkwe akageuza uso kwa aibu.

Siku tatu tulipima. Karatasi ilipotandazwa tena juu ya boneti, mstari wetu ulikuwa juu ya mingine yote, peke yake. Yule mwenye vyumba vitano aliongoza mwanzo kwa kuwa kwake hakukuwa na wa kunyunyiza maji; kumbe alikuwa na mwembe mkubwa uliolifunika bati lake, na hakuna aliyekuwa ameufikiria.

Tulifanya kazi kama watu wanaokimbizwa. Bati tulilipaka chokaa nyeupe mara mbili. Juu kabisa ya kuta mbili zinazotazamana tulitoa bloku mojamoja, tukaweka wavu, ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Kisha dari. Mimi nilipanda lori hadi Awasse, nikaingia ndani kwa Wamakonde wanaosuka majamvi ya mianzi iliyopasuliwa, nikarudi nimekaa juu yake. Juu ya majamvi injinia alitaka kitu chepesi chenye hewa ndani. Alizunguka kijiji akitazama, akasimama kwenye lundo la makumbi ya nazi ambayo watu huyachoma.

"Panya watafanya harusi humo," mama mkwe alisema.

Tukayaloweka kwenye maji ya chokaa, tukayaanika, tukayajaza kwenye magunia membamba na kuyashona. Wanawake wa jirani walikuja kushona bila kuitwa, kila mmoja akitaka kujua zamu yake lini.

Shemeji alipiga simu. Alikuwa amesikia. "Nimeezeka bati mke wangu asilale chini ya minazi," aliniambia, "wewe unanirudishia minazi ndani?"

"Haitaonekana, shemeji. Ipo juu ya mianzi."

"Mianzi! Watu wanaiita nyumba yangu nini sasa?"

Mama mkwe alinipokonya simu. "Mwanangu, wewe unalala wapi huko?" Akasikiliza. "Kwenye kontena. Lina mashine ya baridi? Haya. Basi nyamaza." Akanirudishia simu imeshakatwa.

Gunia la mwisho lilipanda Alhamisi. Injinia aliondoka asubuhi ya Ijumaa, akatuachia daftari na kipimajoto ukutani chumbani kwa dada, akaniagiza nisome mara tatu kwa siku hadi atakaporudi. Jumamosi dada alishikwa na uchungu. Akajifungua kituoni mtoto wa kike, na jioni akaletwa nyumbani akaingia chumbani, na mlango ukarudishwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukufikiri vizuri. Chumba cha mzazi mimi siingii. Nilisimama nje ya mlango na daftari mkononi.

"Lete," mama mkwe alisema kutoka ndani.

"Mama, ni tarakimu za Kireno."

"Nilisoma chuoni kwa maalimu miaka minne. Kuhesabu najua." Akalichukua daftari. Alipima baada ya adhuhuri, baada ya alasiri na baada ya magharibi, na akaandika kwa tarakimu za Kiarabu, safu zikianzia kulia, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kila jioni alinipitishia daftari mlangoni nami nikanakili kwa kalamu yangu. Siku za kwanza nililifungua hapo hapo mlangoni. Bati bado lililia juu, ta, ta, lakini kwa mbali, kama linalia nyumba ya pili. Tarakimu za adhuhuri zilikuwa za joto, sisemi uongo, ila lilikuwa joto la kivulini, la mtu kukaa na kujipepea. Feni ilizungushwa kidogo alasiri ikazimwa. Dada alikula. Nilimsikia akiimba.

Injinia alirudi mtoto akiwa amekwisha kutolewa nje na kunyolewa. Alikuja na wenzake wawili kutoka chuo kikuu, na safari hii mama mkwe aliweka vigoda, akatoa maji, akatoa vitumbua, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Tulikaa barazani tukilinganisha daftari lake na nakala yangu. Injinia alipitisha kidole siku hadi siku, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa pana pengo. Siku hii ilikuwa ya joto kuliko zote, nina rekodi ya Palma. Adhuhuri hakuna namba. Pana maandishi tu, na wewe hukuyanakili."

Kweli sikuyanakili. Niliona si namba, nikaruka. Mama mkwe alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mimi herufi hizo nilizisoma utotoni nikazisahau nusu. Nilimpa dada, aliyekuwa amempakata mtoto. Akasoma polepole, akacheka, nami nikamfasiria injinia: "Leo sikupima. Mtoto amelala, mama yake amelala, nami nikalala."

Wale wenzake wawili walitazamana. Injinia alilivuta daftari karibu na macho ingawa hakuweza kulisoma. Alichukua kalamu, na mahali pa namba iliyokosekana, kwenye karatasi yake mwenyewe, akaandika maneno yale kwa Kireno.

"Hili linaingia kwenye ripoti," alisema. "Kama lilivyo."

Mama mkwe aliuliza anasema nini. Nikamwambia. Alifikiri kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwambie aandike na saa niliyoamka," alisema. "Alasiri ilikuwa imebaki kidogo inipite."